Mlo aliouacha mfungaji ni wa nani?

Januari ikiingia, makanisa mengi ya Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa hufungua mwaka kwa mfungo. Matangazo hubandikwa kwenye nguzo za umeme, hupita kwenye makundi ya WhatsApp, husomwa Jumapili mwishoni mwa ibada: siku 21, siku 40, na kwa wenye kifua, siku 3 za mfungo mkavu, usiku na mchana bila hata tone la maji. Chini ya idadi ya siku huandikwa shabaha. Mwaka wa kuvuka. Mwaka wa kumiliki. Kuvunja laana za ukoo, kufungua milango ya kazi, ndoa na uzao. Muumini hupewa karatasi aorodheshe haja zake, karatasi hukusanywa kapuni, na kapu hupelekwa madhabahuni likaombewa. Sina ugomvi na mwenye shida anayemlilia Mungu. Asipomlilia Mungu amlilie nani? Ila kuna jambo moja ambalo tangazo halilisemi na wafungaji hawaliulizi. Watu mia tatu wameacha kula mchana kwa wiki tatu. Chakula kile kimeenda wapi?

Swali hili laweza kusikika la kihasibu, lisilo na uzito wa kiroho. Lakini Wakristo wa mwanzo walianzia papo hapo. Katika karne ya pili, mjini Roma, kiliandikwa kitabu kiitwacho Mchungaji wa Hermas, ambacho zamani baadhi ya makanisa yalikiheshimu karibu sawa na Maandiko. Humo mwandishi anafundishwa namna ya kufunga. Kwanza ajilinde na neno baya na tamaa mbaya. Kisha, siku yenyewe ya mfungo, asionje kitu ila mkate na maji, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Tuilete hesabu hiyo mtaani kwetu. Kama mlo wako wa mchana kwa mama lishe ni wali, maharage na kipande cha samaki kwa shilingi 3,000, basi ile 3,000 si yako tena tangu ulipoamka na nia ya kufunga. Hainunui bando la intaneti, wala haingoji jioni ili iongeze kuku kwenye mlo wa kufungulia. Karibu na nyakati hizo Aristides wa Athens aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya kaisari, na katika mambo aliyoyataja kuwa fahari yao ni hili: akiwapo maskini kati yao, nao wenyewe hawana cha ziada, hufunga siku mbili au tatu ili wapate cha kumlisha. Waliofunga walikuwa maskini, wakimfungia maskini zaidi yao.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Nidhamu ya kiroho, iwe ni mfungo, sala za saa maalumu, kusoma Neno, toba, ukimya au kutoa, ina kazi ya kumfinyanga mtu mpaka wanaoishi naye waione tofauti. Kipimo chake kiko nje ya chumba cha maombi: kwenye pochi, kwenye kinywa, kwenye deni lililolipwa na mfanyakazi wa ndani aliyepewa mshahara wake kwa wakati. Ikikatwa mbali na jirani, inabaki biashara kati ya muumini na Mungu, mimi nikutolee njaa yangu nawe unitolee muujiza wangu. Na penye biashara madalali hawakosekani.

Nabii Isaya aliyaona haya zamani. Katika sura ya 58 watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakutazama. Jibu wanalopewa ni kali: siku hiyohiyo ya mfungo mnafuatia mambo yenu na kuwakandamiza vibarua wenu, mfungo ninaoutaka ni kufungua vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula na kumkaribisha nyumbani asiye na makao. Yesu naye, katika Mathayo sura ya 6, anazungumzia sadaka, sala na mfungo kwa kufuatana, kama mambo ya nyumba moja, na yote matatu anayaonya kwa onyo moja, yasifanywe ili watu waone. Mfarisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa wiki na kutoa zaka ya mapato yake yote, tena bila kukosa. Kasoro yake haikuwa uvivu. Nidhamu yote ile ilikuwa imemfikisha mahali pa kumdharau mtu aliyesimama hatua chache nyuma yake.

Msomaji anayeijua Biblia yake ataniuliza: je, Esta? Je, Yehoshafati, Danieli, watu wa Ninawi? Si walifunga wakiwa na haja, na haja zao zikasikilizwa? Ni kweli, na mtu anayefundisha kwamba Mkristo asifunge akiwa na haja hayo ameyatoa kichwani mwake. Lakini habari hizo zisomwe mpaka mwisho. Esta aliwaomba watu wake siku 3 bila chakula wala maji, kisha akaenda kwa mfalme akiwa amekubali kwamba huenda akauawa. Hakuwa ameshika hati ya kushinda. Wa Ninawi walivaa magunia, hata wanyama wao wakavishwa, lakini amri ya mfalme wao iliwataka pia waache udhalimu uliokuwa mikononi mwao, na kitabu cha Yona kinasema kilichotazamwa na Mungu ni matendo yao, kwamba wameiacha njia mbaya. Magunia hayakutajwa hapo. Kisha yupo Daudi, ambaye wahubiri wa mifungo ya Januari humpitia mbali. Alifunga siku 7 akilala chini, akimwombea mtoto wake aliyekuwa mgonjwa, na mtoto akafa. Watumishi waliogopa hata kumwambia. Naye akaoga, akabadili nguo, akaenda kuabudu, akarudi akaomba chakula akala. Hakuna mahali anapoambiwa kwamba angefunga siku 14 mtoto angepona. Mfungo haumwekei Mungu deni.

Mfano ninaouona mzuri kupita yote wa mfungo wenye haja unatoka Antiokia, mwaka 387. Kaisari Theodosius alikuwa ameongeza kodi. Mji ukachafuka, na katika ghasia zile watu wakaziangusha sanamu za kaisari na za familia yake, kosa ambalo adhabu yake ingeweza kuuteketeza mji mzima. Hofu ikatanda. Wengine walikimbilia porini, waliobaki wakajaa kanisani. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo walikuwa wamefunga, na haja yao ilikuwa moja tu: tusiuawe. Askofu Flavian, mzee wa umri, alishika safari ndefu ya Konstantinopoli kwenda kuwaombea msamaha. Nyuma yake alibaki padri Yohana, ambaye baadaye angejulikana kama Krisostomu. Ni rahisi kukisia ambacho mhubiri wa siku hizi angefanya na umati wa namna ile, wenye hofu na tayari kwa lolote: angeongeza siku za mfungo, angetangaza mkesha, angepitisha kapu. Krisostomu aliwauliza ina faida gani kujizuia nyama ya ndege na samaki huku wakiwatafuna ndugu zao kwa masengenyo. Akawaambia mdomo ufunge, na jicho nalo, na sikio, na mkono. Kisha akawapa mambo matatu ya kushikilia Kwaresima ile: wasimseme mtu vibaya, wasiwe na adui yeyote, na waache kabisa tabia ya kuapa. Kuhusu viapo aliwarudia siku baada ya siku, hubiri juu ya hubiri, kiasi kwamba msomaji wa leo anaweza kuchoka. Kuchoka huko kuna maana yake. Alijua kwamba tabia ya ulimi haikatiki kwa usiku mmoja wa machozi. Inakatwa na mtu anayejikagua leo, kesho na keshokutwa, akikumbushwa na mke wake, jirani yake na mtumishi wake. Msamaha wa kaisari ulipokuja, Antiokia ulikuwa mji ulionusurika, lakini mhubiri wake alikuwa ametaka zaidi ya kunusurika. Alitaka watu wa sokoni wenye ndimi nyingine.

Hapa linakuja pingamizi zito, nalo hutoka kwa watu makini. Wanasema mazungumzo yote haya ya nidhamu yanaturudisha kwenye matendo ya sheria, wakati Mkristo ameokolewa kwa neema. Watakumbusha kwamba Matengenezo ya Kanisa huko Zürich yalianza na soseji: Kwaresima ya mwaka 1522 mchapishaji Christoph Froschauer na wenzake walikula soseji siku za kufunga, mhubiri Zwingli akiwapo ingawa yeye hakula, na punde akahubiri akitetea uhuru wa Mkristo katika vyakula. Watamtaja Paulo, anayewaambia Wakolosai kwamba kuutesa mwili kunaonekana kuwa hekima lakini hakuna nguvu ya kuzuia tamaa. Yote hayo nayakubali. Mfungo uliogeuzwa sheria ya kununulia wokovu ulistahili kuvunjwa, na kama soseji ndiyo iliyouvunja, basi na iwe soseji.

Lakini waliotetea neema kwa nguvu zaidi hawakuitupa nidhamu. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aliweka sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani, akaeleza namna baba wa nyumba atakavyozifundisha kwa watu wake. Na katika sehemu ya Meza ya Bwana alisema kufunga na kuuandaa mwili ni zoezi jema la nje, ila anayestahili kweli ni yule mwenye imani. Vijana wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, wanaosomea kipaimara wanakifahamu kitabu hicho, japo wengi wakishawekewa mikono ya askofu au mchungaji kichwani hukifunga moja kwa moja. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipitia pande zote mbili. Oxford, kuanzia mwaka 1729, yeye na wenzake walishika sala, masomo, kutembelea wafungwa na kufunga Jumatano na Ijumaa, utaratibu ambao tayari ulikuwa umetajwa kwenye Didake, mwongozo wa kanisa la kale. Nidhamu hiyo haikumpa amani. Amani aliipata Mei 1738 alipoelewa kwamba anasamehewa kwa imani. Baada ya hapo, badala ya kuachana na nidhamu, aliisambaza kwa maelfu ya watu wa kawaida.

Jinsi alivyoisambaza inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ilianza na deni. Februari 1742, Wamethodisti wa Bristol walikuwa wakikuna vichwa juu ya deni la jengo lao. Mmoja wao akashauri kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Akajibiwa kwamba wengi ni maskini, hawaimudu. Akasema basi mimi nipeni watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote; nitawapitia kila wiki, atakayekosa nitamlipia. Wengine wakafuata. Watu wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake. Viongozi walipoanza kubisha hodi kukusanya peni, wakakuta mengine: huyu amelewa, yule hasemi na mkewe, huyu anaumwa na hakuna aliyejua. Wesley akaona kwamba kitu alichokuwa akikitafuta miaka yote kimemjia kwa mlango wa hesabu. Kikundi cha madeni kikawa kikundi cha kuulizana habari za roho. Mkatoliki wa Afrika Mashariki anayejua jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, atatambua jambo hili mara moja, na atajua pia linavyokufa: jumuiya inapobaki kuwa ya kukusanya michango ya harusi na kupanga zamu ya kufagia kanisa, bila mtu kumuuliza mwenzake anaishije.

Pingamizi la pili halihitaji kwenda Zürich. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi ya watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakakutane na Yesu. Miili ilipita 400, watoto wakiwamo, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa na wengine walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Baada ya habari kama hiyo, mtu ana haki ya kusema: acheni kabisa kuwahimiza maskini wafunge. Anayejibu kwamba Shakahola haikuwa Ukristo bali uhalifu amejibu nusu tu, kwani waliokufa walibeba Biblia na walidhani wanatii.

Nusu ya pili ya jibu ipo katika kumbukumbu za kanisa lenyewe, ambalo liliwahi kuzika watu wa namna hii na likajifunza. Yohana Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tano juu ya wamonaki wa Misri, anasimulia habari za mzee Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 kwa ukali wa kujinyima uliowapita wote. Hata sikukuu ya Pasaka, ndugu wote walipokusanyika kanisani na kula pamoja, yeye hakuja, asije akaonekana amelegeza kamba kwa kuonja mboga kidogo. Mwishowe alitokewa na kitu alichokiamini kuwa malaika, akaambiwa ajirushe kisimani usiku ili aone jinsi alivyo mtakatifu na asivyoweza kudhurika. Akajirusha. Ndugu walimtoa kwa taabu akiwa nusu mfu, na siku ya tatu akafa, akiwa bado hajakubali kwamba alidanganywa. Kasiano anaitaja sababu waziwazi: Heroni alikosa busara ya kupima mambo, akajiongoza kwa akili yake badala ya kufuata shauri na mazungumzo ya ndugu na mafundisho ya wazee. Msomaji na aangalie tena ile Pasaka. Dalili ya kwanza ya ugonjwa ilikuwa mezani, alipokataa kula na wenzake.

Karne moja baadaye Benedikto, katika kanuni yake ya wamonaki, aliweka ulinzi. Katika sura ya 49, inayohusu Kwaresima, anamruhusu kila mmonaki ajitolee kitu cha ziada kwa hiari yake, apunguze chakula, kinywaji, usingizi au porojo, lakini kwanza amwambie abate na apate baraka yake. Kinachofanywa bila ruhusa ya baba wa kiroho kitahesabiwa kuwa kiburi na kujionyesha, hakina thawabu. Mgonjwa alikula nyama. Wazee na watoto walilegezewa. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa mpaka leo na Wabenediktini wa Peramiho, waliofika huko mwaka 1898, wa Ndanda, na wenzao wa Hanga na Mvimwa. Na yeyote aliyeona mashamba, karakana na hospitali zao hawezi kusema kwamba kusali kwa kengele kuliwafanya wavivu. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga kuliko karibu Wakristo wote duniani, siku zinazokaribia nusu ya mwaka kwa muumini wa kawaida: Jumatano na Ijumaa, siku 55 kabla ya Pasaka, na mifungo mingine kadhaa, bila nyama, maziwa wala mayai. Hawafi. Kila familia ina padri wake, baba wa roho, anayejua nani ni mjamzito na nani anatumia dawa. Mfungo wenyewe umeingia kwenye mazoea ya mji kiasi kwamba mgahawa wa Addis Ababa siku ya Ijumaa unakuwekea shiro na dengu juu ya injera bila mtu kupiga tarumbeta. Kanisa Katoliki nalo linawafunga kwa sheria ya mfungo watu wa miaka 18 hadi 59 tu, mlo mmoja kamili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu.

Ukiyaweka haya kando ya Shakahola, tofauti inaonekana. Mfungo salama una kalenda, una kikomo, una msamaha kwa mgonjwa na mtoto, na juu ya kiongozi wake wapo viongozi wengine wanaoweza kumwambia acha. Mfungo wa hatari humtoa mtu kwa ndugu zake, humpeleka porini au kwenye chumba cha mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza, na siku zake huongezeka kadiri muujiza unavyochelewa. Kwa hiyo Shakahola haihukumu nidhamu ya kiroho. Inahukumu mfungo usio na wazee, na kwa bahati mbaya baadhi ya matangazo ya Januari yana sura hiyo, japo kwa dozi ndogo.

Tukija kwenye ardhi yetu, ushahidi mkubwa wa kwamba nidhamu hupimwa mtaani ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, na Tanganyika kwa njia ya Bukoba. Wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa watu kulia kanisani. Lakini kilio hupita. Kilichodumu ni mikutano midogo ya kila wiki, ambamo ndugu waliketi na kusema dhambi zao kwa majina yake, kisha wakatoka kwenda kutengeneza: aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, waliokosana walitafutana. Mzungu mmisionari alitubu kiburi chake mbele ya Mwafrika, jambo ambalo ukoloni ule haukulizoea. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki upande wa serikali, na baadhi waliuawa. Sidhani ujasiri ule ulizaliwa usiku mmoja. Watu waliokwisha kuzoea kusema ukweli uliowaaibisha kila wiki mbele ya wenzao walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alitoka katika shule hiyo. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alivuka milima kukimbilia Rwanda, na kitabu alichokitoa mwaka huohuo kilitangaza kwa jina lake tu kwamba anampenda Idi Amin. Uamsho nao ulikuwa na kasoro zake. Yapo makundi yaliyofika mahali pa kupima wokovu wa mtu kwa mavazi na mambo madogo ya nyumbani, yakagawanyika. Hata hivyo palipokuwa na afya, watu wa nje walijua kwa sababu vitu vyao vilirudishwa.

Litabaki pingamizi la maskini mwenyewe. Kuli wa sokoni Kariakoo anayekula mlo mmoja kwa siku umwambie nini juu ya kufunga? Mimi nisingemwambia kitu juu ya chakula. Nidhamu yake yaweza kuwa ya ulimi, kama Krisostomu alivyowataka wa Antiokia, au ya kutokunywa mshahara wa siku, au dakika kumi za Zaburi kabla ya gulio kufunguliwa. Mfungo wa chakula unamhusu kwanza yule ambaye chakula chake kinabaki mezani. Na hapo viongozi wanaotangaza siku 40 wanapaswa kuonekana mstari wa mbele, kwa kuacha walau baadhi ya vile wanavyopewa na wanaofunga.

Mwingine atasema kuhesabu pesa za mfungo ni kujionyesha, kinyume na agizo la kufunga kwa siri. Siri ya Mathayo 6 inalinda jina la mfungaji. Sanduku lisilo na majina haliivunji. Majirani zetu Waislamu, ambao watu wa pwani tumeishi nao vizazi vingi, hawamalizi Ramadhani bila zakatul-fitri kutolewa kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye ale siku ile. Hakuna anayeona hilo kuwa majivuno. Kwa Wakristo, Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, na yapo makanisa mengine yenye vikapu vya namna hiyo. Lakini mahali pengi, hasa kwenye mifungo ya Januari, kapu pekee linalopita ni la karatasi za haja, na sadaka inayokusanywa ni mbegu ya kupandwa kwa mtumishi.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, wenyeviti wa jumuiya na wachungaji mnaopanga mfungo ujao, ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Tangazeni idadi ya siku pamoja na kikomo chake, na watajeni wanaosamehewa kufunga. Wekeni mtu wa kuwatembelea wafungaji, asiwe yuleyule anayehubiri. Na kando ya kapu la karatasi wekeni sanduku la gharama ya milo iliyoachwa, lihesabiwe mbele ya watu Jumapili ya mwisho, jumla isomwe, na isemwe imekwenda nyumba zipi za wahitaji wa mtaa huo, wawe wa dini yoyote.